Skuta ya Sebuleni

Skuta ya baba ilikufa Jumatatu asubuhi, katikati ya kilima cha hospitali, siku ya kumi na moja baada ya waranti yake kwisha. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimemshika baba kiunoni. Kabla ya kona ya pili nikasikia sauti kama ya mtu anayesaga changarawe ndani ya sufuria, kisha nikasikia kimya. Skuta ikasimama, ikawaza kidogo, halafu ikaanza kurudi nyuma.

"Shuka," baba akasema.

"Imekuwaje?"

"Shuka kwanza, Kiberiti. Na maswali yako ushuke nayo, yana uzito."

Kiberiti ni jina langu la nyumbani. Wanasema nawaka haraka. Mimi nasema wenzangu wamelowa mno, ndiyo maana hawawaki.

Baba akabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, mara mbili, mara tano. Injini haikusema kitu. Tukaigeuza, tukaanza kuteremka nayo, mimi upande huu, yeye upande ule. Wala hatukuhitaji kuisukuma. Kazi yetu yote ilikuwa kuizuia, maana kwa kuteremka ilikuwa na hamu kubwa kuliko sisi.

"Siku kumi na moja," nikasema huku nikihema. "Wameitega ife baada ya waranti. Wezi wakubwa. Leo hii twende dukani."

Baba akakaza mikono kwenye usukani. Nilidhani ni majonzi.

Hapa lazima niseme habari za baba na vitu vipya. Alikuwa mtunza stoo wa ofisi ya serikali kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuna kalamu iliyotoka stoo bila sahihi. Wenzake walimwita Bwana Stoo, na jina likamfuata hadi nyumbani. Nyumbani nako hakuacha kazi. Tulikuwa na taulo zilizozeeka zikiwa ndani ya mifuko yake. Makochi yetu yalivaa nailoni miaka sita. Wakati wa joto mgeni alikuwa habanduki mpaka avutwe. Kwa baba, kitu kipya kilikuwa kama mtoto mchanga, hakitolewi nje ovyo.

Alipostaafu, ofisi ikamuaga kwa kumpa skuta. Nyeupe ya maziwa, kiti cheusi, vioo viwili vya pembeni. Siku ile, mbele ya wakubwa na wadogo, baba alisimama na koti lake la kijivu akamgeukia mama. Mama ni mkuu wa chumba cha kufulia katika hospitali iliyo juu ya kilima, na nyumba yetu iko chini kabisa ya kilima hicho. Kila siku ya kazi hupanda kwa miguu, na magoti yake yamelilalamikia hilo kwa miaka mingi. Baba akasema, "Mke wangu, kilima umekipanda vya kutosha. Sasa nitakubeba." Watu wakapiga makofi, mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Tulipofika nyumbani, baba akavaa miwani akaisoma kadi ya waranti.

Aliisoma siku mbili. Waranti itabatilika skuta ikibebeshwa mzigo kupita kiasi. Itabatilika ikiendeshwa kwenye barabara isiyofaa. Itabatilika ikipita kwenye maji, ikitiwa petroli chafu, ikichezewa na fundi asiyetambuliwa. Baba akafikiri kama mtunza stoo, akafikia uamuzi kwamba njia moja tu ya kuilinda waranti kwa miaka yake yote miwili ni kutoiendesha hiyo skuta.

Basi ikaishi sebuleni, kati ya kochi na televisheni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama mwenyewe. Wageni waliizunguka kupita. Na kila asubuhi, mama akishafunga viatu, aliipiga kiti kofi dogo, akasema, "Hujambo, mgeni? Umelala salama? Haya, mimi natangulia, na miguu yangu." Kisha akapanda kilima. Huko juu wafuaji wenzake walimpokea akitokwa jasho, wakashangilia: "Mwenye skuta kaja!"

Miaka miwili hiyo. Waranti ilipokwisha, mama alikuwa amebakiza wiki mbili naye astaafu. Baba akaifunua skuta siku iliyofuata, akaitoa nje. Lakini hakumbeba mama.

"Ngoja nijizoeze kwanza," akasema. "Siwezi kumbeba mke wa mtu nikiwa mwanafunzi."

"Mke wa nani?" mama akauliza.

"Wangu. Ndiyo mbaya zaidi."

Wakakubaliana Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi ya mama. Saa tisa na nusu alasiri, getini pa hospitali, mbele ya wafuaji wote. Mama alikwenda kununua helmeti yake mwenyewe, nyekundu, akaipeleka kazini wiki nzima kabla, ikakaa juu ya rafu ya sabuni ili mtu asije akasema hakuonyeshwa. "Nimewatangazia wote," alituambia. "Ijumaa mkinifedhehesha, mimi sirudi nyumbani. Nahamia wodini, kitanda cha dirishani."

Ile Jumatatu ndiyo ilikuwa mazoezi ya mwisho ya kilima. Mimi nilikaa nyuma badala ya mama kwa sababu, kwa makadirio ya baba, uzito wetu unakaribiana. Mama hajapata kuambiwa hilo.

*

Dukani tulikwenda bila skuta. Niliingia mbele, kifua nimekitoa. Karani alikuwa kijana mwenye tai nyembamba, mtulivu kama mtu aliyekwisha kutukanwa na watu hodari kuliko mimi.

"Injini imekufa," nikasema. "Siku kumi na moja baada ya waranti. Siku kumi na moja! Huoni haya?"

"Pole sana, kaka. Hata ingekuwa siku moja, kompyuta ishaifunga waranti. Imetembea kilomita ngapi?"

"Thelathini na nne," baba akasema.

"Elfu thelathini na nne kwa miaka miwili, si mbaya."

"Thelathini na nne. Haina elfu."

Karani akaweka kalamu chini. "Mzee, miaka miwili ilikuwa wapi?"

"Sebuleni."

"Ikifanya nini?"

"Ikilindwa," nikadakia mimi, maana niliona mdomo wake umeanza kucheza. "Tena ninyi mnapaswa kushukuru. Nani mwingine ametunza mali yenu hivi?"

Karani akajikohoza. Akasema kwamba kwa kilomita chache namna hiyo, hata kama waranti imekwisha, anaweza kuwaomba mafundi wao waifungue injini bure. Wakikuta kosa ni la kiwandani, atawaandikia wakubwa barua, na huenda wakatusikiliza.

Nikapiga meza. "Hayo ndiyo maneno! Tutaileta kesho."

"Hapana," baba akasema haraka. "Hapana haja. Tusiwasumbue."

"Baba!"

"Nimesema tusiwasumbue. Asante, kijana. Tai nzuri."

Akatoka. Nilimfuata barabarani damu ikinichemka. Nikamwambia upole wa namna hiyo ndio unaowanenepesha matajiri. Akasema jua ni kali, nifunge mdomo usikauke.

Nilikwenda moja kwa moja duka la fotokopi ninapofanya kazi. Nikaandika barua ya kurasa tatu. Niliwaita wanyonya damu katika ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa pili nikaeleza kwa nini neno hilo ni dogo. Nikatoa nakala arobaini. Moja nikaipeleka dukani kabla hawajafunga, nikamkabidhi karani mkononi, nikatoka bila kuaga. Zilizobaki nilipanga kuzibandika kila ukuta wa mji kuanzia Jumatano.

Jioni mama alikuta sebule ina nafasi.

"Mgeni wetu kaenda wapi?"

"Kwa fundi," baba akasema bila kuinua macho. "Ukaguzi tu."

"Ukaguzi." Mama akavua viatu, akajikanda goti. "Sawa. Ijumaa si mbali, Bwana Stoo."

"Najua Ijumaa iko wapi."

Mama akaingia jikoni. Nikamsogelea baba nikamnong'oneza, "Mwambie ukweli." Naye akaninong'oneza, "Ukweli upi?" Nikageuka, mama huyu hapa amesimama nyuma yetu na kikombe mkononi. Hatukusikia mlango. Nyumba ile zamani usingeweza hata kuamka kwenda kunywa maji bila bawaba kukutangaza kwa majirani, lakini siku hizi milango yetu imekuwa na adabu, na mama anakutokea tu kama mvuke.

"Mnanong'ona nini?" akauliza.

"Tunajadili ukaguzi," nikasema.

Akatuangalia, mmoja baada ya mwingine, akanywa chai yake.

*

Fundi wetu anaitwa Spana. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana. Penseli huiweka ndani ya kilemba, na ulimi hauweki popote. Karakana yake ni paa la bati na ukuta mmoja, jirani na kinyozi. Kwenye ukuta huo amechora kila kifaa kwa rangi nyeupe pale kinapotundikwa, hivyo kikikosekana unakiona kivuli chake.

Jumanne alituweka kwenye benchi akaanza kufungua. Nilikuwa nimebeba bunda la barua zangu, nikamsomea ukurasa wa kwanza akifanya kazi. Alisikiliza kwa heshima. Nilipofika kwenye wanyonya damu, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia juani. Akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Ngoja kidogo, Kiberiti," akasema. "Nisaidie jambo moja. Huyu mnyonya damu, mnasema alinyonya na oili?"

"Kwa nini?"

"Maana humu ndani hamna. Hamna kabisa. Nimeona mifupa yenye unyevu zaidi ya hii."

Akaweka beseni chini ya injini, akafungua nati ya chini. Kikatoka kitu cheusi kiasi cha kijiko, kizito, kinang'aa kwa chembe za chuma. Akaendelea kufungua. Nati, bolti, kichwa cha injini, silinda. Ilimchukua muda mrefu kuivuta pistoni, imeng'ang'ania silinda. Ilipotoka ilikuwa na mikwaruzo kutoka juu hadi chini, kama ukuta uliochezewa na paka.

"Injini imenoki," akasema. "Imekufa kwa kiu. Kosa la kiwanda hakuna. Mzee, oili ya hii skuta iko wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwa niaba ya baba. Nikamwona baba uso. Nikaufunga mdomo.

Baba alivua miwani akaifuta, akaivaa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekabidhi funguo, "Niliitoa."

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye injini. Miaka miwili iliyopita."

Siku ya pili baada ya skuta kuingia sebuleni, akatueleza, ilidondosha tone moja la oili kwenye mkeka wa mama. Tone moja tu, kama kifungo cha shati. Mama alilisugua, akasema, "Mgeni wako akijikojolea tena, atalala nje." Baba akaingiwa na hofu. Nje kuna mvua, kuna vumbi, kuna watoto, na waranti ilikuwa na siku chache tu tangu ianze. Basi mama alipokwenda kazini, akaifungua ile nati akaitoa oili yote, akaitia kwenye chupa ya plastiki, akaificha nyuma ya pipa la maji jikoni. Akajiambia ataimimina tena siku ya kuiwasha. Mama hakuambiwa, ili asije akaona kwamba vitisho vyake vinafanya kazi.

"Na siku ya kuiwasha?" Spana akauliza.

"Nilikwenda kuitoa chupa. Nikakuta imebaki kidole kimoja."

"Kidole."

"Nikadhani imegeuka mvuke."

Spana aliweka spana chini. Alicheka hadi kinyozi akatoka na wembe mkononi kuangalia kuna nini. "Mzee wangu, oili haigeuki mvuke! Oili inakwenda kwa miguu ya watu. Kwa nini hukuuliza nyumbani nani kaichukua?"

"Ningemwuliza mke wangu, angejua niliitoa."

"Na huyu?"

Baba akanitazama kwa jicho la pembeni. "Huyu nilidhani ndiye aliyeichukua. Lakini huyu ukimwuliza jambo anajibu kwa sauti ambayo mama yake anaisikia kutoka kilimani."

"Mimi? Mimi niichukue oili nifanye nini? Mimi—"

"Unaona?" baba akamwambia Spana.

"Kwa hiyo ukatia kile kidole," Spana akasema.

"Nikatia kile kidole. Nikasema, nitanunua nyingine kesho. Halafu nikafurahia kuendesha."

Alisema hivyo kwa upole mno hata Spana akaacha kucheka. Akatuambia njia zilizopo. Injini mpya nzima, iagizwe. Injini ya mtumba, itafutwe, na ukiipata hujui imetoka kwenye mateso gani. Au yeye aihuishe hii hii kwa silinda mpya na pistoni mpya. Baba akachagua kuihuisha.

"Wiki tatu," Spana akasema.

"Ijumaa," baba akasema.

"Mzee, silinda haipo mjini. Inakuja kwa meli, na meli haijui Ijumaa yako."

Nilikuwa bado nimeshika lile bunda la barua. Spana akanyoosha mkono, akalichukua taratibu, akatandaza karatasi juu ya meza, akaipanga injini ya baba juu yake, kipande kimoja kimoja. Pistoni ikakaa juu ya ukurasa wa pili. "Umefanya vizuri kuleta karatasi," akasema. "Yangu iliniishia."

*

Jumatano nilikwenda dukani kuomba radhi. Ni safari fupi, lakini nilipitia njia ndefu. Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Barua yangu, akasema, wameibandika chumba cha chai na kila mfanyakazi ameisoma, mmoja aliisoma mara mbili kwa sauti. Alinirudishia? Hata. Alisema sasa ni mali ya kampuni. Badala yake akaingia nyuma, akatoka na chupa mpya ya oili, lita moja. "Zawadi kwa wateja," akasema. "Mwambie mzee, hii inakaa ndani ya injini."

Nikashukuru. Kama kuna kitu kigumu duniani kuliko kudhulumiwa, ni kutendewa wema na mtu uliyemwita mnyonya damu kwa nakala arobaini.

Alhamisi baba alikaa kwenye benchi la Spana tangu asubuhi. Hakula. Nilimwambia tukodi teksi, tuipambe. Akakataa. Nilimwambia tuazime skuta ya mtu, tuipake rangi nyeupe. Akaniangalia kwa huruma. "Nilimwahidi ile," akasema. "Miaka miwili ameipita ile, akapanda kwa miguu. Kesho ndiyo mara yake ya mwisho kushuka kile kilima akitoka kazini. Mara ya mwisho, mwanangu. Hata ikifufuka wiki tatu zijazo, itambeba kwenda wapi? Sokoni?"

Spana akaendelea kupanga vifaa vyake ukutani.

Kutoka pale karakana unakiona kilima chote: barabara ya lami, kona tatu, na paa za hospitali juu. Baba alikitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Fundi, ile Jumatatu ilipozimika, mbona ilirudi nyuma? Injini imeshikana, gurudumu halikushikana?"

"Hizi skuta ndivyo zilivyo. Injini isipozunguka, gurudumu liko huru. Halina habari nayo."

"Na breki?"

"Breki hazihitaji injini." Spana alianza kuokota kitambaa, akasita. Akamtazama baba, akakitazama kilima, akamtazama tena baba. "Wewe mzee," akasema polepole. "Wewe mzee!"

"Injini huwezi kunipa kwa kesho."

"Siwezi."

"Breki je?"

Spana akachomoa penseli kwenye kilemba, akaipiga piga kwenye meno. "Breki," akasema, "nitakupa breki ambazo hata treni haina."

*

Ijumaa saa nane tulianza kusukuma. Baba alishika usukani, mimi nilisukuma nyuma, na Spana alifunga karakana akaja naye. "Nimezifunga mwenyewe hizi breki," alisema. "Nataka kuziona kwa macho." Koti la kijivu la baba nililitundika begani mwangu lisiingie jasho. Kona ya kwanza tulipiga hadithi. Kona ya pili tulinyamaza. Kona ya tatu baba alisimama, akapumua, akasema, "Kila siku. Amekuwa akikipanda hiki kila siku."

Saa tisa na nusu, hatua chache kabla ya geti, baba akavaa koti. Akafuta vioo vya skuta kwa leso. Akapanda, akaisogeza kwa miguu mpaka getini, kama bata anayeingia majini.

Wafuaji walikuwa wamejipanga na aproni zao, kumi au zaidi. Katikati mama, helmeti nyekundu kwapani, mfuko wa zawadi mkononi. Shangwe zikalipuka. Kiongozi wa kelele alikuwa mama mmoja mnene wa upande wa kupiga pasi, ambaye wote wanamwita Mama Pasi.

"Kumbe ipo! Jamani, skuta ipo! Miaka miwili tulidhani ni ndoto!"

"Shemeji, koti limekukaa!"

"Iwashe basi!" Mama Pasi akasema. "Tuusikie mlio. Tumesubiri mlio!"

"Iwashe! Iwashe!"

Nikasogea mbele niseme chochote, kwamba petroli, kwamba kitufe, kwamba kanuni za hospitali zinakataza kelele. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Spana akanivuta shati.

Baba alishusha miguu yote miwili chini. Akamtazama mama, si wale wengine.

"Haiwaki," akasema. "Imekufa Jumatatu. Injini iko mezani kwa fundi, nimeiua mwenyewe kwa ujinga wangu. Tumeisukuma mpaka hapa. Kukupandisha kilima nimeshindwa, mke wangu. Miaka miwili nimeshindwa. Lakini kukushusha naweza. Breki ni nzima."

Mama Pasi alishika mdomo. Mama aliyaangalia mashavu ya baba yaliyokuwa bado yanatiririka jasho kwa kusukuma, akaniangalia mimi na shati langu lililoloa, akamwangalia Spana aliyekuwa anatikisa kichwa kuthibitisha habari za breki.

"Umeisukuma kutoka chini?" mama akauliza.

"Kutoka chini."

"Kona zote tatu?"

"Zote."

"Na magoti je?"

"Yanauma."

"Vizuri," mama akasema. Akanipa mfuko wa zawadi. Akavaa helmeti, akafunga kamba chini ya kidevu, akapanda nyuma ya baba kwa upande, miguu pamoja, mgongo wima. "Haya, Mama Pasi. Ulitaka mlio. Pigeni ninyi."

Wakapiga. Sijapata kusikia wanawake kumi wakiunguruma kama injini. Waliisukuma hatua tatu za kwanza, wakaiachia, na skuta ikaenda. Ikaingia kona ya tatu bila sauti, nyeupe, koti la baba likipepea, na helmeti nyekundu ikiinama kushoto na kulia kwa adabu kama inasalimia watu. Mimi na Spana tulikimbia nyuma yao, mimi na mfuko, yeye akipiga kelele, "Ya nyuma kwanza, mzee! Bana ya nyuma kwanza!" Na juu ya sauti yake nilimsikia mama akicheka, kicheko cha msichana, kikishuka kilima mbele yetu.

Pale chini barabara inapokuwa tambarare, skuta ikaishiwa nguvu mbele ya duka la fundi cherehani, nyumba sita kabla ya yetu. Tukawakuta wamekaa tu juu yake. Baba akataka kushuka, mama akamshika bega.

"Wewe kaa. Kiberiti, sukuma."

Nikasukuma. Spana akashika upande, huku anazisifu breki zake kwa kila anayepita.

"Nieleze," mama akasema nyuma ya sikio la baba, lakini si kwa sauti ndogo. "Umesema umeiua mwenyewe. Uliiuaje?"

Baba akavuta pumzi, akaeleza. Tone kwenye mkeka. Nati. Chupa ya plastiki. Nyuma ya pipa la maji. Mama alisikiliza, na kadiri baba alivyoendelea, helmeti nyekundu ikawa inainama mbele, polepole, mpaka ikagonga mgongo wa koti la kijivu na kubaki hapo.

"Ile chupa," akasema ndani ya koti. "Ile yenye kifuniko cha bluu?"

"Ya bluu." Baba akageuza shingo kadiri ilivyoweza kugeuka. "Uliiona?"

Mabega ya mama yalikuwa yanatikisika, na kwa mara ya kwanza maishani nilishindwa kujua kama analia au anacheka.

"Mama," nikasema, "ulichukua wewe?"

"Nilidhani ni ya bure! Imekaa tu huko nyuma, haina jina. Bwana Stoo mzima anaweka kitu bila kukiandika jina, ningejuaje ni chake?"

"Uliipeleka wapi oili yote ile?" baba akauliza.

Tulikuwa tumefika. Mama akashuka, akavua helmeti, akajirekebishia kanga. Akaenda mlangoni, akausukuma kwa kidole kimoja, na mlango wetu wa mbele, uliolia miaka ishirini, ukafunguka wote mpaka ukutani bila kutoa hata sauti.

"Karibuni ndani," akasema. "Na mgeni naye aingie."